Leo Tungekuwa Uwanjani Muleba

Jumamosi. Mvua ilinyesha hapa Kitendaguro, Bukoba, tangu alfajiri, ikakatika ghafla, na mchana jua likawaka kama vile hakuna kilichotokea. Nina hasira. Naandika ili nisije nikampigia mtu simu.

Majina nimebadilisha, na shule siitaji. Blogu hii inasomwa na watu wachache, wengi wa mbali. Leo nashukuru kwa hilo.

Leo ilikuwa fainali ya mpira wa kikapu ya shule za wasichana, kule Muleba. Timu yangu ilikuwa icheze. Nimeifundisha kwenye uwanja wa saruji iliyopasuka, ringi moja nzima na nyingine imelala upande kama mlevi. Mwaka jana tulifungwa mechi zote. Hata wasichana wa Kanazi, walioanza kudunda mpira juzijuzi, walitufunga huku wanacheka.

Mwaka huu ulianza vilevile. Baada ya kipigo cha pili, wachezaji wakaanza kuumwa tumbo kila siku ya mazoezi. Ndipo mdogo wangu akanipa filamu kwenye flashi. "Ya kifamilia hii, dada, haina matusi." Ni habari ya shule ndogo ya Kiyahudi huko Amerika, yenye timu ya kikapu inayofungwa na kila anayepita. Nikaazima projekta, nikawaonyesha jioni bwaloni. Mkuu wa shule naye akaja, akaketi nyuma na mfuko wake wa senene, wale panzi wa kukaanga, akacheka kuliko wanafunzi.

Filamu ilikuwa imetiwa sauti ya Kiswahili na mmoja wa wale wasimulizi wa Dar. Zile kofia ndogo za wavulana akaziita vibaraghashia. Basi nusu nzima ya filamu wasichana wangu wakaamini wale ni Waislamu wenzao. Wana kofia, hawali nguruwe, wanaomba dua kabla ya mechi, na mama zao wanawasumbua kuhusu masomo. Lilipotamkwa neno Wayahudi, bwalo likanyamaza.

Nadhra, kapteni wangu, ndiye aliyevunja ukimya. "Kumbe na wao nguruwe hawali!"

Wakaangua kicheko, filamu ikaendelea. Mwishoni walipiga makofi kama wako uwanjani.

Sisemi filamu ilifanya muujiza. Ila mazoezi yaliyofuata walikuja wote, pamoja na wale wa tumbo. Wakaanza kupasiana, badala ya kila mmoja kukimbia na mpira kama kauiba. Tukashinda mechi moja kwa kikapu kimoja tu. Kisha nyingine. Tuliposhinda nusu fainali, Nadhra alilia mpaka ncha ya hijabu ikalowa.

Wiki hii mzazi mmoja, mjumbe wa kamati ya shule, akamsikia binti yake akisimulia filamu ile nyumbani. Alhamisi nikaitwa kikaoni.

"Mwalimu, kwa haya yanayoendelea duniani, wewe unakaa unawaonyesha watoto wetu Mayahudi?"

Nikamjibu kwamba na mimi habari naziona, na kwamba nimewalilia watoto wanaokufa kule vitani kama alivyowalilia yeye. Wavulana wa kwenye filamu hawajaua mtu. Walikuwa wanajifunza kutupa mpira. Nikaongeza kwamba babu yangu alikuja Bukoba kutoka pwani na msahafu na cherehani, kwa hiyo dini yangu sikuiokota njiani. Hilo la mwisho ningeliacha. Niliona nyuso zinakunjwa.

Mama yake Nadhra anauza ndizi sokoni. Si mjumbe, lakini alikuwa amekuja na kukaa karibu na mlango. Akasimama.

"Waitu, jamani, mimi binti yangu amenisimulia yote. Ni watoto wanaofungwa kila siku na hawaachi. Sasa hapo kosa liko wapi?"

Akaambiwa akae.

Ndipo mjumbe mwingine, mtu mpole ninayemheshimu, akasema kwamba hata bila hiyo filamu, wasichana wakubwa kurukaruka mbele ya watu si jambo la kupendeza. Na Muleba ni mbali. Vichwa vikaanza kuitikia, kimoja baada ya kingine, kwa faraja kabisa, kama watu waliokuwa wakimsubiri mmoja wao aseme.

Filamu ilikuwa kisingizio.

Nikamtazama mkuu wa shule. Nilitaka aseme maneno matatu tu: na mimi nilikuwepo. Akakohoa, akaangalia simu yake. "Sikuwa na taarifa kamili kuhusu maudhui," akasema.

Maudhui! Mtu aliyefuta machozi ya kicheko kwa mkono wenye mafuta ya senene.

Timu ikaondolewa kwenye fainali pale pale.

Jana baada ya swala ya Ijumaa mkuu alikuja kwangu. Hakutaka kiti. Aliniambia kamati iko tayari kuruhusu timu irudi mwakani, lakini kwa sharti. Nijiondoe mwenyewe ukocha, niseme nimechoka, na wasichana wasijue kilichosemwa kikaoni. Mama Nadhra ameshaombwa anyamaze, naye amekubali, kwa ajili ya mtoto.

"Wakijua watagoma," akasema. "Na wakigoma, kikapu kimekufa hapa. Unamjua Nadhra."

Namjua. Ningemchukia mtu huyu vizuri zaidi kama hapo angekuwa amekosea.

Nikakubali.

Leo mchana kocha wa Muleba amenipigia. Ni Mlutheri, mtu wa maneno machache. Kasema wasichana wake walijipanga, refa akapuliza filimbi, wakakabidhiwa kombe bila mpira kudunda. "Hawakushangilia, mwalimu. Mmoja kaniuliza kama mmepata ajali njiani."

Nikamwambia hatukupata ajali. Nikamshukuru kwa kupiga, nikakata simu.

Jioni akaja Nadhra. Alisimama nje, viatu vimejaa tope, akaniamkia, nikaitikia. Nikamkaribisha ndani, akakataa.

"Mwalimu, wanasema tumeondolewa kwa sababu hatuna kocha. Kwamba umechoka, umetuacha."

Hilo hatukuwa tumekubaliana. Mkuu alikuwa ameliunganisha mwenyewe, safi kabisa, fainali nayo nikabebeshwa mimi. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Mtoto alikuwa ananitazama, anaomba nikanushe.

"Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli."

Alikwangua tope la kiatu kimoja kwa kingine. Kisha akasema, "Wale wa kwenye filamu, kocha wao hakuwaacha." Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Akapita kati ya migomba akaelekea barabarani, na hakugeuka.

Mama yake ananielewa, najua. Hilo halinisaidii kitu usiku huu.

Jumatatu nina kipindi cha jiografia darasani kwao. Watasimama, wataniamkia kwa pamoja kwa sababu ni lazima, na mimi nitafundisha mito na maziwa. Mkuu nitamsalimia. Kuketi naye, hapana, sitaketi naye tena.

Mwakani Nadhra atakuwa kidato cha nne, na atacheza. Atacheza akiamini niliwatupa. Nitakuwa chumba cha walimu nasahihisha madaftari, dirisha wazi, nikisikia mpira unadunda kwenye saruji ile mbovu.

Afadhali udunde.