Kifungu cha Nne

Kibombo, 9 Machi 2001

Yaya Okito, kaka yangu,

Kabla ya yote, uko muzima? Unakula? Huku tunaamka, na kuamka siku hizi ni habari njema. Mchele uko, chumvi hakuna, risasi tunazisikia kwa mbali tu.

Mama njo tatizo. Tumbo limevimba, na tangu Jumapili hali kitu ila uji. Muuguzi wa hapa amesema wazi: dawa zimekwisha tangu vita vikate reli, apelekwe Kindu apasuliwe. Wajomba wawili wamekubali kumsukuma kwa baiskeli. Lakini kila anayetoka huko anatuambia hakuna kuingia mjini bila jeton, ile karatasi ya ruhusa ya njia. Wewe unafanya kazi katika biro inayozitoa, ile ofisi ya wenye bunduki walioshika mji. Tutumie moja ya mama, na moja yangu ukiweza.

Mama anasema usisahau kuvaa sweta asubuhi. Unaona, hata kitandani anakusumbua.

Mudogo wako,
Adolphine


Kindu, 13 Machi 2001

Mudogo wangu Adolphine,

Barua yako imenikuta mzima, mwembamba kama kawaida, na sweta nimevaa, mwambie mama.

Ninyi huko hamjui yaya wenu amekuwa nani. Wenye bunduki wana amri, lakini hawana mutu wa kuziandika. Mashini ya kuandika ya biro nzima iko chini ya vidole vyangu viwili. Mukubwa anasema neno moja la mdomo, mimi nalifanya kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hata askari wa barieri, kizuizi cha barabarani, wanasoma maneno yangu. Usicheke.

Jeton sijapata bado. Mukubwa ana kazi nyingi, nitamuuliza tena. Nakuomba jambo moja tu: msitoke Kibombo kabla ya karatasi kufika. Barieri haina masikio. Subirini wiki moja, labda mbili. Mpe mama maji ya mchele.

Yaya wako,
Okito


Kando ya reli, kati ya Kindu na Kibombo, 2 Aprili 2001

Yaya,

Leo sikuulizi afya.

Tulisubiri siku kumi. Karatasi haikuja. Mama akasema twende, mutu akiona uso wake atamhurumia. Tulifika barieri ya kuingia Kindu, mji tukauona kwa macho. Askari akatazama karatasi yake, akasema: "Hapana jeton, hapana njia." Nikamfunulia tumbo la mama. Akasema: "Mimi naona, dada. Karatasi njo haioni." Akatugeuza. Mama amekufa juzi, tukirudi. Tumemzika hapahapa, wanakijiji wametusaidia.

Nilimuuliza askari yule nani aliandika hayo. Akanijibu, "Biro." Si wewe, najua, wewe ni wa mashini tu. Lakini iko mutu alikaa kwenye kiti akalifikiri hilo neno. Siku moja nitamjua.

Adolphine


Kindu, 3 Juni 2025

Yaya mpendwa wa Obokote,

Nakusalimu wewe na mpunga wako, maana kwenye simu unanipa habari za mpunga tu, kisha rezo inakatika mahali panapokufaa. Njo sababu nakuandikia. Karatasi huwezi kuikata. Mimi niko salama, isipokuwa goti. Mwaka wa pili huu niko depite, mbunge wa jimbo, na bado unaniita Mheshimiwa kwa kunicheka. Endelea tu.

Vita vya Kivu vimetusogelea tena. Watu wanaingia Kindu kila siku, wengine na mizigo ya biashara, wengine na godoro peke yake, na wapigakura wangu wana hofu: nani amekimbia, nani ametumwa? Nimeandaa pendekezo la sheria ya jimbo: kila anayeingia kutoka nje awe na jeton. Usiruke juu! Najua unachowaza. Mimi niliingia siasa kwa sababu ya barieri ile. Lakini ile ilikuwa amri ya wenye bunduki. Hii itapigiwa kura, mchana, milango wazi.

Gauthier, mwandishi wangu, alipata mfano katika sanduku la makaratasi ya zamani, akaupenda kwa mpangilio wake. Wewe njo fundi wa maneno katika familia, basi nisahihishie lugha. Kifungu cha nne kinanisumbua: "Asiye na jeton atarudishwa alikotoka. Ugonjwa, uonekane au usemwe, haukubaliwi kuwa sababu." Naona ni kali kidogo. Kitafutie maneno laini.

Kikao ni tarehe 19. Fanya upesi, usianze habari za palizi.

Mudogo wako,
Adolphine


Obokote, 12 Juni 2025

Mudogo wangu, Mheshimiwa,

Salamu zimefika, na goti lako nimelipokea pia, pole. Mimi nimebaki na meno kumi na tisa na mgongo unaojua mvua kabla ya mawingu. Mpunga haujambo, asante kwa kutouliza.

Barua hii naianza mara ya tano. Zile nne zilikuwa safi: nilikupangia nukta, nikakusifu, nikatia maneno laini. Kila mara nilitoka nikazunguka shamba, nikarudi nikachana. Mbambu, yule mama wa Butembo anayeuza sabuni mbele ya nyumba yangu, akaniuliza kama nina nyuki ndani ya suruali. Nikamsomea kifungu chako cha nne. Akasema: "Baba Okito, mimi nikiumwa njiani, nitangoja nipone kwanza ndipo niende hospitali?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akarudi kwenye sabuni zake.

Adolphine, maneno hayo siwezi kuyalainisha. Ni yangu.

Mwaka ule mukubwa alisema maneno sita: "Angalieni watu wanaotoka upande wa Kibombo." Basi. Mengine yote nilitia mimi. Wiki moja kabla ya barua yako kufika, mutu alipita barieri na bendeji kichwani, kumbe kichwa ni kizima, na biro nzima ikanicheka kwamba sheria yangu ina tundu. Nikaona aibu, kama fundi aliyejenga nyumba ikavuja. Nikakaa kwenye mashini, nikaliziba: ugonjwa, uonekane au usemwe. Nilipenda jinsi maneno hayo mawili yanavyofuatana. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hapakuwa na mutu wa kuniuliza, hapakuwa na kura wala jaji. Hakuna aliyesema, "Okito, mpaka wapi?"

Barua yako ya mama ilipofika, nilimwendea mukubwa. Hilo sikukuandikia. Akafungua faili, akaweka kidole juu ya kifungu: "Si njo wewe uliandika? Sasa unataka mimi nivunje sheria yako?" Akacheka mpaka akakohoa. Jeton zilikuwa pale mezani, rundo zima, na muhuri juu yake. Ningeweza kuchukua mbili. Niliogopa. Nikarudi kwenye kiti changu, nikakuandikia eti ana kazi nyingi.

Niliacha biro mwezi ule barua ya kifo cha mama ilipofika, nikaja kukaa huku ambako reli haifiki. Watu wanasema nilipenda kilimo. Mpunga wangu wenyewe unajua kwamba si kweli.

Unasema hii itapigiwa kura. Vizuri, kura ni bora kuliko bunduki. Lakini kura haimpi macho yule wa barieri. Katiba yetu inampa kila Mukongomani njia za nchi yake. Ukitaka kumzuia mutu, taja kosa lake, taja jaji atakayemsikiliza na saa atakayoachiliwa. Mwenye nguvu aambiwe pa kukomea kabla hajaanza, maana akishaanza, hakosi fundi wa kumwongezea kifungu. Mafundi tuko wengi, na tunafanya kazi kwa roho safi. Njo kinachotisha.

Ulisema siku moja utamjua mutu yule. Njo mimi.

Yaya wako, kama bado,
Okito


Kindu, 24 Juni 2025

Yaya,

Afya yako siiulizi, si kwa ubaya. Sijui nitafanya nini na jibu.

Barua ilinifikia tarehe 15. Siku nne nilitembea nayo ndani ya mkoba. Nilimfukuza Gauthier bironi mara mbili kwa kosa la kupumua. Tarehe 19 nilisimama kutetea pendekezo langu, na badala yake nikasoma barua yako, yote, hata nyuki wa suruali. Watu walicheka pale. Jina lako sikuliruka. Depite mmoja akapaza sauti: "Mheshimiwa, hayo ni mambo ya familia!" Nikamjibu: "Basi nionyeshe sheria isiyoingia katika familia ya mutu." Nikaliondoa pendekezo.

Usifikiri walinibeba juu. Mtaani wananiita mwoga. Youssouf, aliyebandika picha zangu mji mzima wakati wa uchaguzi, ameniambia safari ijayo nitazibandika mwenyewe. Hofu yao bado iko, na dawa yake sina. Na Gauthier, maskini, aliniuliza nikitoka: "Mama, nitafute mfano mwingine?"

Hayo ni ya jimbo. Sasa yetu.

Miaka ishirini na nne nimemtafuta mutu yule. Nilishampa sura: mnene, miwani ya jua, pete mbili. Kila Noeli nilikupigia simu nikamlaani masikioni mwako, na wewe ukanieleza mvua na panya wa ghala. Kifungu chako naweza kukielewa, maana mimi mwenyewe, niliyemzika mama, nilikaribia kukitia sahihi. Zile jeton za mezani njo sielewi. Naamka nazo.

Nimejaribu kuandika neno la kukusamehe. Linatoka kama karatasi ya biro. Na kukuhukumu kwa barua sitaki, bila kukuona uso, maana hivyo njo walivyomfanyia mama.

Jumapili ya tarehe 6 naenda kwenye kaburi lake, kando ya reli. Sikualiki. Sikukatazi. Njia ni ya kila mutu.

Mtoto wa mama yako,
Adolphine