Tavion Alimsikia Redioni

Jolene, upo? Mwenzangu, sijui hata nianzie wapi.

Umesikia Tavion anaacha chuo? Kacheza msimu mmoja tu, sasa anakwenda kwenye mpira wa kikapu wa kulipwa. Indiana nzima imewaka. Watu wamechoma jezi yake nje ya uwanja.

Basi Verlin wangu akapiga simu kwenye kile kipindi cha michezo. Nikamwambia, "Mume wangu, achana nao." Wapi! Akasema hewani, "Huyo mtoto hana fadhila! Kila Jumapili anakula kuku mezani kwangu, leo hata kuniaga hakuniaga. Aende, na goti limvunjike!"

Goti, Jolene. Alisema goti.

Hata kiti hakijapoa, mlango ukagongwa. Nafungua, ni Tavion, kashika pai ya tufaha aliyooka mama yake.

Verlin akainuka. 

Tavion akasema, "Nilikuwa nakuja kukuaga, mzee. Nimekusikia redioni, nikiwa garini." Akanipa pai. "Mama anawasalimu." Akanikumbatia, akaenda zake. Hakufoka. Bora angefoka.

"Nimekusikia redioni." Kwa upole kabisa.

Nimemwambia Verlin amkimbilie. Amesimama palepale. Mimi nimekaa na pai mapajani, bado ina moto, na wala sihisi joto lake.

Redio hatujaizima. Sasa hivi kuna mtu kapiga simu, anasema, "Yule mzee Verlin apewe maua yake. Katusemea sote."