Kinu Kinachotwanga Peke Yake

Baraka, tarehe 6 Juni 2002

Mpendwa Mama Marthe mshauri,

Naomba msaada wako, na nimeahidi mbele ya Mungu kukueleza yote, hata yanayonitia haya. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, naishi na shangazi yangu Florentine tangu turudi kutoka porini juu ya Lubondja, ambako tulijificha vita ilipofika kwetu, na huko akina mama walikataza kutwanga kabisa, kwa sababu sauti ya kinu inafika mbali na askari wanaifuata, kwa hiyo sombe, yale majani ya muhogo, tulikuwa tunaikata kwa kisu na kuila ngumu hivyo hivyo, na siku moja tukasikia kinu kikitwanga ng'ambo ya bonde, du, du, du, halafu risasi, halafu kimya, na mpaka leo hatujui alikuwa nani.

Sasa tuko nyumbani na bado ninakisikia. Nikirudi shule mchana, nyumba ikiwa tupu, kinatwanga jikoni, polepole, kama mtu aliyechoka, nami nikiingia naukuta mchi umeegemea ukuta na kinu kikavu, buibui wamekifunga mdomo, maana shangazi hata sasa anakata sombe kwa kisu. Hapo miguu inakufa ganzi, moyo unakimbia, tumbo linakataa chakula hata nimekonda, nywele zinabaki kwenye kitana, na damu ya mwezi imekatika ingawa sijamjua mwanaume.

Nilipomwambia shangazi, aliacha kisu hewani, akatazama mlango wa jikoni.

"Inatwangaka pole-pole, eh?"

Nami sikuwa nimemwambia kwamba ni polepole.

Binamu yangu Jérémie akacheka: "Basi muambie ule muzimu atutwangie sombe, meno yetu imechoka!"

"We Jérémie, funga kinywa!" Kisha shangazi akanigeukia. "Muzimu ilikufuata, mutoto yangu. Utaingia chumba ya maombi, bila kula, bila maji, mupaka itoke."

Ni Jumapili hii, kanisani, na mlango utafungwa kwa nje. Mama, ni muzimu kweli, au ni mimi ninayeharibika, na je, niingie? Naomba unijibu kwa mashua inayorudi.

Espérance

*

Espérance mwanangu,

Huharibiki. Umeishi na hofu muda mrefu, na mwili wako bado haujaamini kwamba umefika nyumbani. Hofu ya namna hiyo inakimbiza moyo, inafunga tumbo, inakata damu ya mwezi, hata inaleta sauti. Lakini malaria na upungufu wa damu vinaweza kujificha humo humo. Kwa nini umekonda hivyo na hujamwona nesi? Nenda kituo cha afya kabla ya Jumapili, na haya uiache mlangoni.

Nani alitwanga ng'ambo ya bonde, sijui, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba shangazi yako naye anakisikia. Mtu aliye nyumbani kwake, mwenye kinu chake, ya nini kukata sombe kwa kisu? Anakupeleka wewe kwa sababu hathubutu kujipeleka. Usimdharau. Kaa naye mchana, umwambie, "Shangazi, nawe unakisikia," kisha mfanyieni yule mtu wa ng'ambo ya bonde kilio, hata kama hamna jina la kumlilia.

Maombi siyakatazi. Kumnyima maji msichana aliyekonda, hilo nalikataza, na shangazi asomewe mstari huu. Jumapili ule ugali asubuhi, unywe maji ushibe, mwende wawili, mkaombewe wawili, mlango ukiwa wazi. Waombaji wakitaka kuufunga, mshike mkono shangazi mrudi nyumbani.

Mama Marthe