Kwa Yaya Lydie, Aliyechora Tangi la Baridi

Mwaka umezunguka, Yaya Lydie, dada yetu mkubwa, tangu simu ya Liège, kule Ubelgiji, itukute mezani, na bado hakuna anayekalia kiti chako. Tumechoka. Ndege ya kukurudisha haikupatikana, mambo ya huku unayajua, ukazikwa ugenini. Hata kaburi la kung'oa majani hatuna.

Ulikulia hapa mtaani kwetu Mudzipela, binti wa Gaspard mchomeleaji wa milango na matangi. Papa akimaliza tangi, wewe ndiye ulipaka povu la sabuni kwenye mshono, ukikodoa macho kuona kama linavuja.

Ukasoma, ukawa injinia, ukaenda Ubelgiji kuchora matangi ya namna nyingine: tangi la chuma kisichoshika kutu ndani ya jingine, na kati yao hewa yote imenyonywa. Humo huwekwa sumaku kubwa, imezama katika gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji. Mama aliliita termosi. Ulicheka sana.

"Iko termosi kweli, mama, lakini hii ikipasuka inavunja nyumba."

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa vyuma. Kwenye harusi ya mdogo wako Étienne ulituaibisha, umevaa gauni lako zuri la bazin, umeinama getini unakagua mishono huku wageni wanangoja kupita. Chakula ulikuwa unakula wa mwisho, kila mtu akishapata. Tunakukumbuka hivyo.

Ulipokuwa tayari unaumwa figo, ukagundua kosa lako mwenyewe: mshono wa mwisho, ule wa kulifunga tangi, ulikuwa umeuchora mahali ambapo mashine ya kupiga picha ndani ya mishono, kuona kama imeshika, haifiki. Wakubwa wako walikuwa wamekwisha kuukubali mchoro. Ungeweza kunyamaza tu. Tulikusihi uje nyumbani upumzike, nawe ukampigia papa.

"Papa, mushono yenye haionekane, weye ungeiacha?"

"Hapana," alisema papa, na tangu hapo anajilaumu kwa neno hilo.

Ukaanza mchoro upya, ukiwa mgonjwa. Madaktari wanasema kilichokuua ni figo, sisi tunasema ni mchoro ule. Hasira haijatuishia. Mama hakutaka hata kulisikia tangi likitajwa. Sisi wengine tulingoja siku watakayolijaza, kwa sababu kama lingevuja, basi ungekuwa umejimaliza bure.

Mwezi uliopita mwenzako wa kazini, Serge, yule mtoto wa Kisangani, alipiga simu. Wamelijaza. Mishono yote imeshika, hakuna kilichovuja, na sumaku inafanya kazi. Papa alilia kwa sauti mbele ya wateja. Mama akaomba simu, na Serge akadhani anataka kushukuru.

"Mu ile tangi iko baridi sana?"

"Sana, mama. Baridi yenye kupita ile, hakuna."

"Na kule mulimuzikaka mutoto wangu, je? Kule chini pia iko baridi?"

 

Tunaokuwaza ni papa yako Gaspard, mama yako Masika Françoise, wadogo zako Étienne na Gentille, na mimi Osée ninayeandika. Tumechoka kulia, Yaya. Kukusahau, hapo hatutafika kamwe.