Mama alisema "funga"

Jumamosi jioni, Arua.

Mvua imenyesha, imeacha, imenyesha tena. Nguo za jana bado ziko kwenye kamba ya barazani na zimeanza kunuka. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, sufuria iko juu ya sigiri ya mkaa, na mkono wangu wa kulia una harufu ya mpira uliopikwa. Nimeunawa kwa sabuni. Harufu haitoki.

Nina wivu. Naandika hivyo mapema nisije nikazungukazunguka.

Haumhusu mvulana, kama mtakavyodhani. Unahusu maji ya kuoga ya bibi yangu.

Bibi tunamwita Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyosema. Ni mama yake Mama. Miguu yake inamsumbua, zaidi siku za mvua kama hizi, na hawezi kugusa maji baridi. Tangu nilipoweza kubeba beseni bila kumwaga, kazi ya kumwandalia maji ilikuwa yangu. Mwanzo nilichemsha kwa mkaa, kisha Baba akaleta hita kutoka Juba, tenki jeupe ambalo liko juu ya ukuta wa bafuni. Nilichanganya ya moto na ya baridi, nikatia kiwiko, nikamwita. Haboba alichovya vidole, akasema, "Huyu ndiyo mukono yangu."

Basi. Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nayo katika nyumba hii. Mbele ya wageni siongei. Kusuka sijui. Chapati zangu zinatoka na pembe. Lakini nilikuwa mkono wa Haboba.

Kisha akaja Zubeda.

Zubeda ni binti wa mama mdogo wa Koboko. Mama yake amekwenda Juba kwa biashara, kwa hiyo tangu muhula huu uanze yuko kwetu, kitanda chake kinatazamana na changu. Anacheka na kila mtu. Mzigo wa kuni anaufunga mara moja na haulegei. Tena anaongea Kinubi na Haboba, kile cha kasi, cha wazee, na wanacheka mpaka Haboba anafuta macho kwa ncha ya leso. Mimi shule imenilea kwa Kiingereza na Kiswahili. Kinubi changu kina mashimo. Nikiuliza wanacheka nini, wananitafsiria. Kichekesho kikishatafsiriwa kinakuwa kimepoa.

Siku moja nilitoka shule nikamkuta Haboba ameshaoga, amejipaka mafuta, ameketi.

"Zubeda amenipa maji," akasema. "Maji tamu. Hii ndiyo mukono yangu mupya."

Alikuwa anatania. Nilicheka pia. Halafu nikaingia chumbani nikakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kuanzia siku hiyo ni yeye. Hakuna aliyenifukuza. Nikifika na beseni, nakuta lingine limeshajaa.

Sasa leo.

Mama alikwenda Koboko jana kwa harusi ya ndugu yake. Asubuhi hita ikaanza kuvuja. Chini ya tenki kuna kibomba kifupi ambacho mdomo wake umeachwa wazi, umeelekea sakafuni, na mimi siku zote nilidhani fundi alisahau kukimalizia. Hapo ndipo maji yalipotokea. Kwanza matone, kisha uzi mwembamba unaofuka moshi. Haboba akasimama mlangoni akaitazama.

"Hii kitu inakojoa kama mbuzi," akasema.

Zubeda akacheka. Mimi nikaenda kumpigia Mama simu. Nyuma yake kulikuwa na vigelegele na ngoma, nikalazimika kurudia maneno. Akaniambia, "Hita iko inavuja? Ambia Zubeda afunge. Fundi atakuja kesho." Akakata.

Ambia Zubeda.

Aliyepiga simu nilikuwa mimi.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana ndipo kila kitu kilipo. Kwetu neno "funga" linafanya kazi nyingi. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga taa, tunafunga redio. Mwaka nilipoanza kidato cha kwanza nilisema "nimefunga taa" darasani, mwalimu wa Kiswahili akaniuliza nimeifunga kwa kamba gani. Darasa zima lilicheka na mimi nikatamani kuingia chini ya dawati. Tangu hapo najua: taa inazimwa. Na Mama aliposema afunge hita, nilijua palepale anamaanisha azime swichi.

Nikaenda bafuni. Zubeda alikuwa anakinga maji kwa ndoo.

"Mama anasema ufunge hita," nikamwambia.

Hivyo hivyo. Neno kama lilivyotoka, sikuongeza, sikupunguza. Ningeweza kusema "uzime". Siku zote nasema "uzime", hata nyumbani, na Zubeda hunitania kwa hilo. Leo nikasema "ufunge".

"Nifunge? Haya," akasema. "Wewe mwalimu si ungeiandikia barua tu iache kulia."

Nyuma ya mlango wa jikoni tunatundika vipande vya tyubu ya baiskeli. Kila kinachovuja au kulegea kwetu kinafungwa kwa mpira: jerikeni, paipu ya bustani, hata mguu wa kiti. Zubeda akachukua kipande kirefu. Akavunja gunzi la mahindi, akalisokomeza kwenye mdomo wa kile kibomba, akavuta mpira na kuuzungusha, akavuta, akazungusha, akakaza kwa meno. Maji yakakatika.

Pembeni ya mlango swichi ilikuwa inawaka taa yake nyekundu. Niliiona. Nilifungua mdomo.

"Tazama," Haboba akasema, "hii mutoto iko na mikono."

Na mdomo wangu nao nikaufunga.

Nataka kuandika sawasawa nilichokuwa nafikiri, kwa sababu hapa hakuna anayenitazama usoni. Nilifikiri mpira utalegea. Sakafu italowa. Mama atarudi aulize nani alifunga bomba badala ya stima, yaani umeme, na angalau mara moja Zubeda atatazama chini, kama ninavyotazama mimi kila siku. Sikufikiri kwamba tenki linaweza kupasuka. Nilitaka aibu tu. Aibu ndogo ya kumtosha yeye.

Baada ya swala ya adhuhuri hita ikaanza kutoa sauti. Kama sufuria ya maharage iliyowekewa jiwe juu ya kifuniko. Nilikuwa ukumbini na kitabu, nimesoma mstari uleule mpaka ukapoteza maana. Haboba akapita na taulo begani. Zubeda akatangulia na kigoda na beseni.

"Leo inaimba," Zubeda akasema.

"Wacha iimbe, miguu inauma," Haboba akajibu.

Nikasimama, nikawafuata mpaka mlango wa bafuni. Nikasema, "Haboba, toka." Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ni hivyo. Haboba husema ninaongea kama paka ya musikiti. Nikasema tena. Ukuta ulikuwa unatetemeka kidogo, niliuhisi kwa kiganja, na swichi ilikuwa mbele yangu, na mimi stima naiogopa tangu iliponirusha nikiwa mdogo. Nikavua kandambili nikaipiga swichi kwa kisigino chake. Taa nyekundu ikafa. Kisha nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. Nikamshika Haboba mkono nikamvuta, naye akaja, taulo ikaanguka.

Zubeda alikuwa ameinama kuweka beseni.

Gunzi lilitoka kama jiwe la manati, likagonga ukuta wa pili. Maji na mvuke vikafuata. Alijirusha nje akaangukia magoti, lakini mguu wake wa kushoto, juu pale vidole vinapoanzia, ulikuwa umeshapata.

Nilimmwagia maji baridi. Jerikeni nzima, polepole, halafu nyingine. Alikuwa anauma leso yake na hakulia. Ngozi imekuwa nyekundu na kuna lengelenge kubwa kama sarafu. Mama wa jirani, ambaye ni nesi, alikuja akautazama, akasema utapona, tusipake chochote, akaufunika kwa kitambaa safi. Baadaye nikaokota ule mpira sakafuni. Ulikuwa bado wa moto.

Nesi alimpigia Mama akamweleza, na nesi akiwa bado kwetu, Mama akapiga tena. Alikuwa ameshaongea na fundi. Fundi amemweleza kwamba kile kibomba ndiyo pumzi ya hita, maji yakizidi moto ndipo yanapotokea, ukikiziba umeiziba pua.

"Mimi nilisema mufunge stima," Mama akasema, simu ikiwa kwenye spika. "Nani alifunga bomba?"

Nilisubiri. Zubeda angeweza kusema, Safia ndiye aliyeniletea neno. Ingekuwa kweli.

"Ni mimi, mama mukubwa," akasema. "Sikuelewa."

Haboba akanigeukia. "Wewe Safia, ulijuaje?"

"Nilisikia sauti."

Hiyo nayo ni kweli. Leo nimesema kweli kutwa nzima.

Haboba akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa. "Mukono yangu," akasema. "Bila wewe leo ningepikwa kama kuku."

Ndiyo maneno niliyokuwa nayasubiri muhula mzima. Yalikaa muda mfupi sana, kwa sababu Zubeda alisogeza mguu akafinya uso, na Haboba akauachia mkono wangu. Akaketi mkekani, akauweka ule mguu mapajani mwake, akaanza kumwimbia kitu kwa Kinubi, taratibu, kile ambacho sikielewi.

Nikautazama ule mguu pale mapajani. Mungu anisamehe, nilitamani uwe wangu.

Hapo ndipo nilipojiogopa. Zaidi ya hita.

Maana nimepata nilichotaka, chote. Zubeda ametazama chini. Mimi nimesifiwa mbele ya jirani. Na bado nina wivu, hata wa lengelenge lake. Kama hayo hayakuutosha, wivu huu unataka kula nini?

Haboba aliniuliza nilijuaje. Hakuniuliza nilijua lini.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Lakini sasa hivi Zubeda amekuja mpaka mlango wa jikoni, anaruka kwa mguu mmoja, ameshika fremu. Hita imezimwa, kwa hiyo jioni hii Haboba anaoga maji ya sigiri kama zamani, na ni mimi ninayeyachemsha. Nilidhani amekuja kuyachukua. Akasimama tu ananitazama ninavyoandika.

"Mwalimu," akasema. "Kwa Kiswahili ya shule, kufunga stima munasemaje?"

"Kuzima."

"Ungeniambia tu," akasema. Hakuwa amekasirika. Hata alitabasamu. Halafu akarudi chumbani, nikawa nasikia mguu wake mmoja kwenye sakafu, tap, kimya, tap.

Sijui kama anajua.

Sufuria imeanza kutoa mvuke. Nitachanganya maji, na sitatia kiwiko changu. Nitapita chumbani kwanza nimpe Zubeda ayapime, na hapo kitandani kwake nitamwambia nilijua maana ya lile neno tangu Mama alipolitamka. Yeye kwanza. Halafu Haboba, kabla hajachovya vidole, kabla hajaniita chochote. Nitaongea kwa sauti ya mchana, ile ya bafuni, ili nisihitaji kurudia.

Fundi atakuja kesho kuangalia hita. Akifika, niwe nimeshasema.