Walimtuma Kwetu

Katuba, Lubumbashi, 3 Machi 2024

Mama mpenzi,

Jambo sana, na jambo kwa mdogo wangu Sephora. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku tuko wazima, matope tu ndiyo yanatutesa. Kwa kuwa simu huko kwenu hazishiki, nampa Liévin wa lori barua hii.

Mama, tumeshinda! Mkubwa wetu wa komisaria ya polisi, yule aliyetugeuza sisi polisi wanawake kuwa wapishi wake, ametolewa. Doria ilikuwa ya wanaume, sisi sufuria na pasi. Rafiki yangu Virginie alipolalamika, akasimamishwa getini juani na mimba yake kubwa. Sikukueleza haya zamani kwa aibu. Wachunguzi walikuja, wakatuhoji mmoja mmoja, wakamkuta na kosa la kubagua wanawake kazini. Adhabu yake ni uhamisho: amepelekwa mbali, porini huko. Tulicheka mpaka machozi. Akaozee huko!

Mwanao,
Wivine

Kwetu, upande wa Mitwaba, 21 Aprili 2024

Wivine mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Mgongo unauma asubuhi, mchana ninausahau shambani. Mihogo imekubali mwaka huu. Pole kwa mateso uliyonificha. Ungeniambia, kwani mimi si mama yako?

Huku nasi tuna furaha. Posti yetu ya polisi imepata komanda mpya kutoka Lubumbashi, mtu wa kucheka na watu, anasalimia hata wapita njia. Na mdogo wako Sephora, tangu avae nguo ya polisi hapa kwa kukufuata wewe, sasa ndiyo amependwa. Kati ya wote, komanda amemchagua yeye akae karibu na ofisi. Wenzake wanachomwa na jua doriani. Yeye anapika bukari na mboga, na kupiga pasi mashati ya mkubwa. Komanda Gauthier anasema anakufahamu vizuri. Anakusalimia.

Mama yako

Lubumbashi, 2 Mei 2024

Mama,

Nisamehe, leo sina salamu. Huyo ndiye! Gauthier ndiye yule tuliyemtoa. Pori tulilolicheka ni kwetu.

Nimekimbilia ofisi ya nidhamu. Afisa akaniambia: "Dosye ilishafungwa, dada. Alipata azabu yake. Sasa unataka tumutume wapi tena?" Nikamjibu: "Mumutume pale hakuna banamuke." Akacheka, akabadilisha maneno, akaniuliza kama nimekunywa chai. Hasira ilinishika, nikakaa kwenye ngazi nikaanza kukuandikia.

Mwambie Sephora atoke jikoni. Amwambie komanda wazi kwamba yeye ni polisi, si mpishi wa mtu. Asiogope, sheria iko upande wake. Sisi si tulishinda? Nijibu upesi, mama, silali.

Mwanao,
Wivine

Kwetu, 18 Agosti 2024

Wivine,

Tuko wazima, natumaini nawe uko mzima. Nimechelewa kwa sababu sikujua niandike nini.

Sephora alimwambia komanda kama ulivyotaka, mbele ya wenzake. Huku mkubwa wa nidhamu ni komanda mwenyewe, hakuna mwingine. Akaandika kwamba mtoto amekataa amri, akamvua nguo ya polisi. Kwenu walikuja wachunguzi, mkahojiwa mmoja mmoja. Kwa mdogo wako, yote yalikwisha kabla chai ya mkubwa haijapoa. Sasa jikoni yuko Daniella, binti wa jirani yetu, na mama yake anajivuna kijijini kote kama nilivyojivuna mimi. Nilipomwonya, akasema nina wivu.

Nilikwenda kumwona huyo komanda. Alinipa kiti, akasema kwa upole: "Mama, unihurumie na miye. Kuletwa huku ni azabu." Nikamwambia: "Miye nilizaliwa huku." Hakuelewa. Aliita niletewe maji ya kunywa, na aliyeyaleta ni Daniella.

Sephora analima na mimi. Nilimwomba akuandikie hata mstari mmoja hapa chini, amekataa. Anasema siku ile mlipokuwa mnacheka, hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza mtu yule anapelekwa kwa nani. Nimetafuta neno la kukutetea, mwanangu, sikulipata.

Mama yako