Upande wa Ganda

Jumatatu, 4 Machi

Fimbo ya kuvulia ya mteja wetu, Daktari wa Meno, imefunguliwa leo kamba zilizoibana gundi ikikauka. Imenyooka. Kaka ameibingirisha mezani kwa kiganja, ikaenda bila kurukaruka, akanitupia jicho — unaona? Nimeona. Fito sita za mwanzi, kila moja na pembe zake tatu, zimelaliana mpaka ukucha haupati pa kuingia. Asiyejua atadhani mwanzi umeota hivyohivyo.

Kuanzia hapa kazi ni yangu: vipete vya kupitishia mshipi, uzi wa hariri, vanishi. Yeye huchonga, mimi hufunga. Hivyo ndivyo baba alivyotuachia karakana.

Asubuhi aliniuliza tupa iko wapi. Alikuwa ameishika. Nikamwambia iko mkononi mwako, bwana mkubwa, akacheka, nami nikacheka. Baadaye kidogo akaniuliza tena. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wifi alikuwa mlangoni, kasikia yote. Jioni kanivuta jikoni. Anataka randa ifungiwe kabatini, mumewe asije akajikata, na wateja wasije wakamfanya kichekesho. Hospitali wamemwambia ugonjwa huu wa kusahau hauna kupona. Nikamjia juu — mikono ya kaka haijasahau kitu! Tumebishana mpaka sufuria ikaungua. Mwisho tumekubaliana: fimbo hii ndiyo itakayoamua. Ikifaulu, wifi hatamgusa. Isipofaulu, randa inafungiwa, na mimi ndiye nitakayemwambia kaka.

Nimemwambia sina wasiwasi. Uongo mtupu.

Jumanne, 5 Machi

Vipete. Uzi wa kahawia, ukingo mwekundu. Macho yananiuma. Kaka kaniganda begani kutwa nzima, eti uzi unapishana. Haupishani! Akanipokonya lenzi, akatazama, akairudisha kimyakimya. "Haya, Mkia, endelea." Mkia ni mimi, tangu utotoni, kwa sababu nilikuwa nikimfuata kila aendako.

Nimefurahi mno. Mtu anayeweza kunikera namna hii hajapotea.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kumwaga takataka. Maranda yalikuwa yanameta.

Niandike polepole. Nguvu yote ya mwanzi iko nje, chini kidogo tu ya ganda. Nyuzinyuzi zimebanana hapo. Ndani ni nyama laini, haina kazi. Kwa hiyo randa hupita upande wa ndani peke yake. Upande wa ganda unaguswa na msasa, basi, kama unafuta vumbi. Sisi tulijua hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Maranda yetu hayameti. Hayajawahi kumeta.

Haya yanameta upande mmoja. Marefu, membamba, yamejikunja vizuri, wala hayakukatika. Mkono uliofanya hivi haukutetemeka hata mara moja. Umegeuza ufito tu.

Nimekaa sakafuni. Kisha nimeyatia jikoni kwenye moto kabla wifi hajarudi. Yamewaka upesi sana.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeitazama fimbo kwa lenzi, dirishani. Fito mbili ziko salama. Nne zimepauka, na vitundu wazi. Vipimo vyote sawasawa — alivifikisha kwa kutoa upande usiotolewa. Mimi mwenyewe nilizishika fito hizo wiki nzima na sikuona. Nilikuwa natazama uzi wangu.

Nikipaka vanishi hakuna jicho litakalojua. Nimepaka. Sijawahi kupaka vizuri hivi.

Wifi kaniuliza inaendeleaje. Nikasema inakauka.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda uwanja wa mpira na fimbo yangu mwenyewe, ile kaka aliyonichongea nilipotoka hospitali. Nilitaka kiganja kikumbuke.

Sijui kwa nini siandiki zaidi juu ya hili, na ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote. Unavuta nyuma. Fimbo haina haraka. Mshipi unanyooka nyuma yako, huuoni, lakini unaujua kwa mkono: uzito unashuka kutoka nchani, taratibu, kipande kwa kipande, mpaka kwenye mpini, na hapo unasimama. Wageni hapo ndipo wanapoharibu, wanasukuma. Husukumi. Unangoja. Kisha fimbo inajinyoosha yenyewe, wewe unaipa ruhusa tu, na mshipi unapita juu ya kichwa na kulala majini bila kishindo. Hata kwenye nyasi unalala vizuri. Fimbo za kaboni za dukani zinafika mbali zaidi, sibishi. Lakini haziniambii kitu. Hii nasikia kila fundo la mwanzi likipokea mzigo na kumpa mwenzake. Na mafundo yenyewe kayapanga yasikutane mahali pamoja, ili pasiwe na pa kuvunjikia. Mtu aliyefikiria hayo yote kwa kichwa chake! Leo ananiuliza kama nimeolewa.

Nimerusha mpaka bega likafa ganzi. Nimelia pia. Kocha wa timu kaja kuuliza, mama, umeangusha nini? Nikamwambia hereni. Maskini, kainama kutafuta.

Jumatano, 13 Machi

Vanishi imekauka. Tumejaribu.

Kwetu aliyechonga harushi. Anarusha mwingine, tena macho kafumba, asije akadanganywa na uzuri wa sura. Akimaliza anasema neno moja: inarudi, au hairudi. Hairudi maana yake msumeno, papo hapo, hakuna mjadala. Baba alizikata nyingi za kwake, akaenda zake kunywa chai.

Kaka kasimama kushoto kwangu nyuma ya karakana. Wifi kizingitini, mikono kaifunga kifuani. Nikafumba macho, nikavuta. Uzito ulianza kushuka vizuri, ukafika katikati, ukapotea. Fimbo ikainama na kubaki imeinama, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mshipi ukaniangukia mgongoni. Nikarusha tena. Yaleyale. Nilikaa na macho yangu yamefumbwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

"Inarudi," nikasema.

Kaka alitabasamu kama harusi ni yake. Wifi kanitazama, kanitazama, akasema basi, wewe ndiye unayejua, nakuamini. Kaingia ndani. Baadaye nimemsikia kwenye simu akimwambia dada yake: mume wangu bado ni fundi, jamani, bado ni fundi. Alikuwa analia. Bora angenigombeza.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejichongea mtego mwenyewe. Kwa kuwa imerudi, kaka kaanza nyingine. Kateremsha mwanzi ule tuliokuwa tukiutunza darini, uliokauka tangu baba yuko hai. Kaupasua kabla sijafika. Kaupasua vizuri ajabu, fito zote zimefuata nyuzi zake, hakuna hata moja iliyokimbilia pembeni.

Halafu kaulaza ufito wa kwanza kwenye mfereji wa kalibu, ganda juu. Akashika randa.

Nikamwambia, kaka, geuza. Akageuza, akasema asante, alikuwa ananijaribu. Nikageuka kuchukua uzi. Niliporudi ganda lilikuwa juu tena, na maranda yanameta miguuni mwake. Na anaimba! Uso umetulia. Miezi hii yote sijamwona ametulia hivyo.

Nimekaa nikisikiliza randa. Sauti yake nzuri, ile ile. Ningeweza kumtaja wifi jina akaja mara moja. Sikumwita. Ubinafsi huu, sijui ni wa kumpenda au ni wa kujipenda. Nikimwondoa mezani, nani atanikalia begani?

Mchana kajikata kidole gumba. Si sana. Nimefunga na uzi wa hariri, kitambaa hakikuwa karibu. Wifi nimemwambia ni mimi niliyemgusa kwa kisu.

Ijumaa, 15 Machi

Daktari wa Meno kapiga simu, anakuja kesho. Sauti imejaa furaha. Anastaafu, anasema miaka yote kashika vitu vinavyopiga kelele, sasa anataka kushika kitu kimoja kinachonyamaza.

Nilitaka kumwambia asije. Nikasema karibu.

Jumamosi, 16 Machi

Naandikia karakanani. Wako nje. Niandike haraka.

Daktari kaja na kofia mpya. Kaitoa fimbo kwenye mfuko wake, kaisifu, uzi, vanishi, kila kitu changu kakisifu. Wifi kaleta chai nyuma kwenye nyasi. Nikawa naomba achukue tu aende akagundue mwenyewe huko mtoni, anichukie mimi. Lakini akamgeukia kaka, akasema fundi, nionyeshe unavyorusha, nikajivunie.

Nilingoja kaka akumbuke kwamba aliyechonga harushi. Angesema hapana, nasi tungepona. Hakusema. Kaipokea, kapita mbele yetu, kafumba macho.

Akavuta nyuma mara moja. Nikaona bega lake linasimama. Akarusha tena, polepole zaidi, akiisikiliza. Mshipi ukaanguka karibu na viatu vyake. Akafumbua macho, akapitisha kidole gumba, kile nilichokifunga, kwenye fimbo kutoka mpini hadi ncha, juu ya vanishi yangu yote. Akasimama pale pale kwenye fito mbovu. Moja. Ya pili. Zote nne. Bila lenzi.

"Mkia," akaniambia. "Nani kachonga hii?"

Nikatazama uzi wangu kwenye kidole chake.

"Kachonga upande wa ganda. Ana mkono mzuri, tazama alivyonyoosha. Lakini hajui tena anachofanya. Huyu asipewe randa."

Daktari wa Meno akatazama kikombe chake. Wifi alikuwa ameshika birika, akaliweka chini kwenye nyasi, na hapo ndipo aliponitazama. Si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

Kaka akarudia, kwa upole, kama anamuuliza mtoto: nani? Nikafungua mdomo. Nikasema nakwenda kuchukua msumeno. Akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, na umwite.

Msumeno ninao, uko magotini. Mezani kuna zile fito za mwanzi wa darini, kazimaliza zote. Za juu zimepauka upande wa ganda, nyingine sijui. Sijaziangalia. Kupitia dirishani namwona kaka kakaa na fimbo mapajani, kanigeuzia mgongo. Daktari amesimama, anataka kuaga. Kaka kamshika mkono, anamsihi akae kidogo. Namsikia vizuri. Anasema dada yangu kaenda kumleta huyo fundi, na akija, jamani, msimfokee.